Jengo la turathi, si jengo la kale

"Jengo la kale" limejaa katika nyaraka zetu, nami sioni sababu ya kuendelea kulivumilia. Kale ni hesabu ya miaka tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalilinda jengo lililojengwa kabla ya 1886. La baada ya hapo lingoje tangazo la waziri. Kwa msikiti wa mawe wa pwani, sawa. Ipeleke hesabu hiyo Tumati, wilayani Mbulu, uone.

Wairaqw wa Mbulu walichimba nyumba zao za tembe ndani ya mteremko, kilima chenyewe kikawa ukuta wa nyuma. Paa ni bapa, la miti, nyasi na udongo, limelingana na ardhi ya upande wa juu. Mgeni akishuka mlima angeweza kulikanyaga bila kujua kwamba chini yake wamelala watu na ng'ombe. Ndivyo Wairaqw walivyojificha, Wamasai walipokuja kuteka mifugo. Udongo wa paa huchukuliwa na mvua, nguzo huliwa na mchwa, vyote hurudishiwa vipya. Tembe ya namna hiyo utaipimaje kwa 1886?

Ndiyo maana nashikilia turathi. Mzizi wake ni wa Kiarabu, w-r-th, uliotupa rithi, warithi, urithi na mirathi. Katika turathi, w ya mwanzo imegeuka t. Mirathi hugawanywa mahakamani. Nayo "nyumba ya urithi" kijijini ni ile ya marehemu baba inayogombewa na ndugu, kwa hiyo hata "jengo la urithi", kipenzi cha kamati fulani, halinitoshi. Turathi ni kile ambacho jamii nzima imekipokea bila kugawana, pamoja na ujuzi wa kukifanya upya.

Nilipolipendekeza katika kikao kimoja, nilijibiwa kwamba neno hili ni la Kiarabu mno. Jibu hilo liliniuma, maana lilitoka kwa watu walioshika barua ya wizara, na wizara ni Kiarabu vilevile. Hoja ya maana hawakuwa nayo.

Matumizi hayana shida: jengo la turathi, majengo ya turathi, uhifadhi wa turathi. Bati linaziondoa tembe kwa kasi. Wanaoandaa orodha za wilaya waziandike kwa jina hilo sasa, na fundi anayejua kulaza paa la udongo aandikwe pamoja nazo.