Wenye Funguo za Majina

Tangu mwaka 1993 majina ya intaneti yaishiayo kwa .com yaliandikishwa na kampuni moja tu ya Marekani, Network Solutions. Hadi Septemba 1995 jina lilikuwa bure. Kisha mtu akalipa dola 100 kwa miaka miwili, wala hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Ukiritimba mtupu! Aprili 1999 ICANN, iliyoundwa mwaka uliotangulia, ikateua wasajili watano wa majaribio.

Katika masharti ya leseni, lililonigusa ni hili: msajili aweke nakala ya kumbukumbu za wateja mahali pengine, asije akaanguka nao. Lilibaki karatasini. Mwaka 2007 RegisterFly ikaporomoka, wenye majina wakahangaika. Ndipo likaanza kusimamiwa.