Ukipata mtoto hema linakunjwa? Misafara ya Bagamoyo inasema hapana

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni kidogo, tunapiga stori ya historia. Msikimbie, inawahusu.

Kuna jamaa mmoja wa Mbagala, jina namhifadhi. Yeye na mkewe ndio walikuwa injini ya kundi letu la kulala nje. Ijumaa jioni begi mgongoni, hema, spika na mkaa, tunaenda kulala ufukweni Kigamboni. Tukiwa na hela tunatoboa mpaka Mikumi. Halafu wakapata mtoto. Mara ya kwanza walipokuja naye, ana miezi 14, alilia usiku kucha kwa sababu ya mbu. Saa 11 alfajiri mama mtu anapuliza moto apike uji, sisi tunakoroma. Wiki iliyofuata mtu akaandika kwenye grupu: "Safari ijayo bila watoto jamani." Wale wawili wakajitoa kimya kimya. Mwaka unaisha sasa.

Na mimi nilicheka ile meseji. Ndiyo maana naandika.

Turudi nyuma, karne ya 19. Kabla ya reli na basi, kutoka pwani kwenda bara ulikuwa unatembea kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walileta pembe za ndovu Bagamoyo, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba. Hesabu mwenyewe hapo walilala porini usiku ngapi.

Sasa sikia hii. Ile misafara haikuwa ya wanaume peke yao. Wapagazi wengi walienda na wake zao, na watoto pia walikuwemo. Mama anabeba vyungu na chakula, mtoto mgongoni. Watoto wa kiume waliokua kidogo walipewa vimizigo vyepesi ili wazoee kazi. Kambi ilikuwa kijiji kinachotembea.

Na ratiba yao ukiiangalia, ni ya watu wenye akili. Wanaondoka alfajiri, wanatembea kabla jua halijawa kali, kabla au karibu na adhuhuri wanatua. Wanajenga vibanda vya majani na kuzungusha boma la miiba, maji na kuni vinatafutwa kukiwa bado mchana. Mwenye mtoto mdogo leo atakwambia hiyo hiyo: toka mapema, fika mapema, hema lisimame kabla giza halijaingia.

Ila tusipake rangi. Baada ya kutembea, wanawake ndio walioshika jiko. Na kulikuwa na misafara mingine ambayo mama na mtoto walitembea wakiwa watumwa, hawakuchagua safari ile. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na hata baada ya hapo biashara haikufa siku hiyo hiyo.

Reli ya kati kutoka Dar ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Hapo misafara ya miguu ikaisha nguvu. Kulala porini kukabaki kuwa starehe ya wenye nazo. Mfano Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja kuwinda Kenya 1909. Alikuja na mwanawe wa kiume aliyekwishakuwa kijana, na wapagazi zaidi ya 200. Mke hakuwemo kwenye msafara. Mkubwa anawinda, wengine wanabeba na kupika.

Kumbe basi! Sisi wa Temeke na Kinondoni tunajiona tunakula bata la kisasa, kumbe tumerithi kambi ya Roosevelt. Kambi ambayo mtoto ni usumbufu na mpishi haonekani kwenye picha. Ile ya Wanyamwezi, iliyopita hapa hapa Pwani, tumeisahau.

Mtoto akiingia, safari inabadilika, hilo halina ubishi. Unaenda karibu zaidi, unabeba chandarua, pampasi na maji ya kutosha, spika inazimwa mapema. Muziki wa usiku kucha sahau. Lakini zipo nafuu: kwenye hifadhi za TANAPA mtoto chini ya miaka 5 halipi kiingilio, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inakufikisha Morogoro bila mtoto kuchoka njiani. Kitu kigumu ni kimoja tu: nani anaamka saa 11 kupika uji.

Usiku ule tulikuwa watu wazima tisa pale ufukweni. Aliyeamka ni mmoja. Mtoto hakuharibu safari, sisi ndio tulimwachia mama mzigo wote, halafu tukamlaumu mtoto.

Jana nimempigia simu jamaa, nimemwambia mwisho wa mwezi twende Kigamboni, na uji napika mimi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ngoja nimuulize mama fulani." Bado nasubiri jibu.

Wewe mdau mwenye mtoto, kundi lako lilikufanyaje? Funguka hapo chini, majina ya watu usitaje.