Utumishi wa Kidini kwa Wagonjwa na Maskini: Kutoka Bunkeya hadi Kolwezi

Utumishi wa kidini kwa wagonjwa na maskini katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni wa zamani kuliko migodi yenyewe ya kampuni. Mwaka 1886 mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, makao ya Msiri, mwami (mfalme) wa Garenganze, ambayo leo yamo ndani ya teritwari ya Lubudi, na hapo misheni ya Garenganze ikazaliwa. Miongo mitatu baadaye daktari Mmetodisti Arthur Piper alikuwa Kapanga, kaskazini-magharibi, akitibu malale na ukoma. Arnot aliishi Bunkeya kwa ridhaa ya Msiri. Asingepewa mahali pa kujenga, asingekuwa na misheni. Tangu hapo mtumishi wa dini katika nchi hii amefanya kazi chini ya kivuli cha mwenye nguvu zaidi yake. Aliyebadilika ni mwenye nguvu.

Kuanzia 1906 mwenye nguvu huyo alikuwa kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, na baada ya kutaifishwa, 1967, kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines. Kampuni ilijenga kambi, hospitali na shule, ikagawa posho ya unga kwa mfanyakazi na jamaa yake. Wamisionari Wakatoliki walikabidhiwa shule za kambi. Kwa mtu aliyeandikwa katika daftari la kampuni, ugonjwa haukuwa lango la umaskini. Sadaka ya kanisa ilibaki kwa wasioandikwa: wanakijiji, wazee na wajane wasiokuwa na ndugu mgodini. Mpango huo ulikuwa wa kibaba, tena wenye kumfunga mtu, na hakuna sababu ya kuutamani urudi. Hata hivyo ndio uliowafundisha watu wa Kolwezi na Lubudi kwamba tiba inatoka kwa mwajiri, na ulipoanguka, pengo lilikuwa na umbo la kampuni.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa haraka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Shaba ya Gécamines, iliyokuwa zaidi ya tani 470,000 mwaka 1986, ilishuka chini ya tani 50,000 kabla miaka ya 1990 haijafika katikati. Wakasai, watu wa asili ya Kasai, waliofukuzwa wakati huo kutoka Katanga, mkoa uliojumuisha Lualaba, walirundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja garimoshi la kupitia Tenke na Lubudi kwenda Kamina na kwao. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa hiari, wakiwa na malipo ya mara moja. Wengi na watoto wao waliishia kuchimba kwa mikono katika mashimo yale yale.

Katika afya, makanisa yalikuwa yamekwisha kujipanga. Mradi wa afya vijijini wa SANRU, ulioendeshwa na Kanisa la Kristo, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti nchini, kwa msaada wa Marekani kuanzia 1981, ulisaidia kusimamisha mfumo wa kanda za afya, 306 nchi nzima wakati huo, na nyingi kati yake zilitegemea hospitali za misheni. Lakini zahanati ya misheni haitibu bure. Dawa hununuliwa kwa ada za wagonjwa, na muuguzi aliyesajiliwa na serikali, ambaye mshahara wake huchelewa au haufiki, hupewa marupurupu yatokayo katika ada hizo hizo. Kwa hiyo sehemu ngumu ya kazi hii ni ya uamuzi: nani asamehewe, kwa kiasi gani, na nani atalipa mahali pake. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akakosa fedha huweza kuzuiliwa wodini hadi jamaa walete kitu, desturi iliyoenea katika hospitali za Kongo, za serikali na za dini. Muuguzi anayemzuia huenda naye nyumbani kwake kuna njaa. Kumwambia kwamba kazi yake ni wito, kisha kumlipa kwa wito huo, ni dhuluma ya aina yake.

Njia nyingine ilionekana Kolwezi mwaka 2012, pale Masista wa Mchungaji Mwema, shirika lililoanzishwa Angers, Ufaransa, mwaka 1835, walipofungua mradi wa Bon Pasteur chini ya Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya. Watoto waliokuwa wakiosha na kubeba madini ya kobalti walipelekwa darasani. Jambo lililopita msaada wa kawaida ni kwamba mama zao walipewa njia za kipato nje ya mgodi, kama kilimo na ushonaji, na wakazi wakafundishwa haki zao. Mtoto hurudi shimoni mara tu chungu kinapokauka. Darasa peke yake halimzuii. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Opus mwaka 2019. Ila masista wachache hawawezi kushindana na bei ya kobalti, na hawapaswi kutakiwa kufanya hivyo.

Anayetakiwa ni mwingine. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya Machi 2018 yanazilazimisha kampuni zinazochimba, zikiwamo zile za Fungurume ndani ya Lubudi, kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha hizo ni deni la kisheria. Shirika la dini lina nafasi halali ya kuzisimamia, kuzidai na kuwaeleza wanakijiji hesabu yake, maana hukaa na watu muda mrefu kuliko miradi. Lakini misheni inayopokea jengo la wodi kutoka kampuni kana kwamba ni zawadi, ikafanya sherehe ya shukrani, imesaidia kulifuta deni ambalo si lake kulisamehe.