Mchwa wa nyumbani

Mchwa ni wadudu wala mbao. Wana udugu na mende, si siafu wala sisimizi. Hupenda joto: Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, inawafaa kuliko baridi ya nyanda za juu za Ufipa. Mchwa hutambulika kwa vijia vya udongo, unene wa penseli, vinavyopanda ukutani. Gonga fremu ya mlango: ikilia kama debe tupu, imeliwa ndani, imebaki rangi. Kubomoa vijia hakutoshi, kwani hujengwa upya. Dawa hunyunyizwa kwenye udongo wa msingi kabla ya kujenga. Oili chafu, kipenzi cha mafundi, huchafua udongo bila kuua kundi. Mninga hustahimili mchwa kuliko paini.