Mapigo ya Balehe

Mwaka 1972, madaktari wa hospitali ya Montefiore huko Bronx, New York, walichapisha utafiti uliodai subira kubwa. Watoto na vijana walilala wakiwa na nyaya kichwani za kurekodi usingizi na mpira mwembamba mkononi. Kila baada ya dakika 20 walichotwa damu kidogo, usiku na mchana, yaani sampuli 72 kwa siku. Robert Boyar na wenzake walikuwa wakiifuatilia homoni ya LH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo na kuziamsha korodani na ovari. Kwa walioanza kubalehe, homoni hiyo ilipanda wakiwa usingizini. Watoto wadogo hawakuwa na tofauti hiyo, wala watu wazima.

Balehe, kumbe, huanzia usiku. Ubongo huwa umeshaanza kazi kabla msichana hajavunja ungo wala mvulana hajaota ndevu.

Utafiti kama huo usingewezekana bila Rosalyn Yalow na Solomon Berson, ambao mwishoni mwa miaka ya 1950, huko huko Bronx, walibuni kipimo chenye kutumia mionzi kutambua homoni hata ikiwa kidogo mno kwenye damu. Yalow alipata Nobeli mwaka 1977. Berson alikuwa ameshafariki.

Lakini kipimo hutoa namba tu. Ukizichora, unapata mstari wenye vilima na mabonde. Kipi ni pigo halisi, yaani tezi kumwaga homoni kwa mkupuo, na kipi ni kosa la maabara? Mwanzoni watafiti walijiwekea kanuni nyepesi: kupanda kwa asilimia 20 kulihesabiwa kuwa pigo. Kanuni hiyo haikutosha, kwa sababu kila kipimo kina makosa yake, na makosa hayo huweza kujifanya kilima. Hapo ndipo hesabu za wahandisi wa mawimbi zilipohitajika.

Katika Chuo Kikuu cha Virginia, Johannes Veldhuis na Michael Johnson walitoa mwaka 1986 programu ya kompyuta iliyolinganisha makundi ya vipimo vinavyofuatana, ikizingatia ukubwa wa makosa. Mwaka uliofuata walikwenda mbali zaidi. Damu ni kama mtungi unaovuja: kina cha maji peke yake hakikuambii umemiminiwa kiasi gani, mpaka ujue pia kasi ya kuvuja. Wao walikokotoa yote mawili, wakaliona tone lenyewe la tezi. Naiona hatua hiyo kuwa kubwa kuliko zote katika historia hii.

Vijana wakanufaika. Mwaka 1989, watafiti wa Virginia walionyesha kwamba homoni ya ukuaji ya wavulana wanaobalehe huongezeka kwa sababu kila pigo huwa kubwa zaidi. Idadi ya mapigo haiongezeki.

Mdundo wa mapigo una uzito wa kitabibu. Ernst Knobil wa Pittsburgh alithibitisha mwaka 1978, kwa kutumia kima, kwamba kichocheo ambacho ubongo huipelekea pituitari kikitolewa mara moja kwa saa, tezi hiyo hufanya kazi. Kikitiririka bila kukoma, hunyamaza. Miaka michache baadaye, madaktari wa Marekani waliutumia ukweli huo kuwatibu watoto wanaobalehe mapema kupita kiasi. Hadi leo, msichana anayeanza kubalehe kabla ya miaka 8 anaweza kudungwa dawa inayofanana na kichocheo hicho, ikakaa mwilini mfululizo, na balehe ikasimama. Sindano zikikoma, mapigo hurudi.