Jinsi mtunza hesabu aliyejiajiri anavyopanga ada

MTUNZA hesabu anayeacha ajira na kuanza kujitegemea huelekea kugawa mshahara wake wa zamani kwa saa za kazi za mwezi. Kipimo hicho humpunja, kwani mwajiri ndiye aliyegharamia ofisi, stima, likizo na nusu ya mchango wa NSSF.

Njia bora ni kuanza na mahitaji. Tuseme anahitaji Sh60,000 za matumizi yake na ushuru wa mapato, na Sh24,000 za gharama za kazi. Jumla ni Sh84,000. Akifanya kazi siku 21 kwa saa nane, atakuwa na saa 168, yaani Sh500 kwa saa. Hata hivyo, saa tatu kila siku huishia katika kutafuta wateja, kusafiri na kudai malipo. Zinazolipiwa ni 105 pekee, hivyo ada halisi ni Sh800. Duka ambalo vitabu vyake huchukua saa 10 kwa mwezi litozwe Sh8,000, wala si Sh5,000.

Makubaliano yaandikwe, yakitaja kazi yenyewe na tarehe ya malipo. Stakabadhi zikiongezeka maradufu, ada ijadiliwe upya. Bei ya chini iliyotajwa ili kumvutia mteja leo ni vigumu kuipandisha kesho.