Waislamu wa Marekani: Asili Yao, Mchanganyiko Wao na Mchango Wao

Sensa ya Marekani haiulizi dini ya mtu. Sheria ya mwaka 1976 inakataza raia kulazimishwa kutaja imani yake katika sensa, na kwa sababu hiyo idadi ya Waislamu nchini humo hutokana na makadirio ya taasisi za utafiti. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha Pew kilikadiria kuwa wapo takriban milioni 3.45, sawa na asilimia 1.1 ya wakazi wote. Pamoja na uchache huo, hakuna rangi wala taifa la asili linalofikia nusu yao. Miongoni mwa watu wazima, asilimia 42 walizaliwa Marekani. Waliosalia wametoka Asia ya Kusini, nchi za Kiarabu, Iran, Ulaya na Afrika. Mmoja kati ya kila watano ni mtu mweusi. Wengi ni Wasuni, na Washia nao ni sehemu kubwa.

Wengi hudhani kuwa Uislamu uliingia Marekani pamoja na wahamiaji wa karne ya 20. Dhana hiyo si sahihi. Waislamu wa mwanzo kuwapo huko kwa wingi walikuwa Waafrika wa Magharibi waliouzwa utumwani. Omar ibn Said, mwanachuoni kutoka Futa Toro katika Senegal ya leo, alifikishwa Charleston mwaka 1807, na mwaka 1831 akaandika maisha yake kwa Kiarabu, akitanguliza sura ya Al-Mulk. Alifariki akiwa bado mtumwa. Kumbukumbu za wakati wake zinasema alibatizwa, na wataalamu hadi leo wanabishana iwapo moyoni aliiacha dini yake. Tukikumbuka kuwa aliandika akiwa chini ya bwana wake, ubishi huo hauwezi kumalizwa kwa wepesi. Maktaba ya Bunge la Marekani iliupata mswada huo mwaka 2017, na tangu mwaka 2019 unaweza kusomwa kwenye mtandao.

Wahamiaji wa Kiarabu walifuata baadaye. Mmoja wa misikiti yao ya awali, uliojengwa mwaka 1934 mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, bado umesimama.

Katika sayansi na ufundi, jina linalostahili kutajwa mbele ni la Fazlur Rahman Khan, mhandisi aliyezaliwa Dhaka mwaka 1929 na kwenda Illinois kwa masomo mwaka 1952. Kabla yake, kila ghorofa lililoongezwa juu lilihitaji chuma kingi zaidi ili jengo listahimili upepo, hata gharama zikawa kikwazo. Khan alizisogeza nguzo upande wa nje na kuziunganisha kwa ukaribu, jengo zima likawa kama bomba moja kubwa linaloubeba upepo kwa kuta zake. Kwa njia hiyo lilijengwa Sears Tower la Chicago, lenye ghorofa 110, ambalo lilikuwa refu kuliko yote duniani kwa zaidi ya miaka 20. Majengo mengi marefu ya leo yanatumia njia zilizotokana na wazo hilo. Katika kemia, Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Muhammad Ali hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wanaolikumbuka pambano la Kinshasa la mwaka 1974. Yafaa kukumbuka kuwa miaka mitatu kabla yake Mahakama ya Juu ilifuta hukumu aliyopewa kwa kukataa, kwa sababu za imani, kwenda vitani Vietnam.

Keith Ellison alikuwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, mwaka 2006, na aliapa kwa tafsiri ya Kurani iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa, alichaguliwa mwaka 2018 pamoja na Rashida Tlaib, wakiwa wanawake wa kwanza Waislamu bungeni humo. Kanuni ya mwaka 1837 ilikataza kofia ukumbini. Ililegezwa Januari 2019 ili kuruhusu vazi la kichwa la kidini. Novemba 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa kuwa Meya wa New York.

Hata hivyo, njia haijawa nyepesi. Kwa takwimu za FBI, matukio ya chuki dhidi ya Waislamu yalipanda kutoka 28 mwaka 2000 hadi 481 mwaka 2001. Mwaka 2017 amri ya Rais ilizuia raia wa nchi 7 zenye Waislamu wengi kuingia Marekani. Toleo lake la tatu lilithibitishwa mahakamani mwaka 2018 kwa kura 5 dhidi ya 4, likafutwa mwaka 2021. Amri nyingine ya namna hiyo, yenye orodha tofauti ya nchi, ilitolewa Juni 2025.

Kwa upande wa kazi, sheria imekuwa wazi zaidi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri la msichana wa Oklahoma aliyenyimwa kazi katika duka la nguo kwa sababu ya hijabu. Mwajiri alijitetea kuwa mwombaji hakumweleza kwamba analivaa vazi hilo kwa ajili ya dini. Kwa kura 8 dhidi ya 1 majaji waliamua kuwa mwombaji halazimiki kutoa maelezo hayo. Ikiwa mwajiri alimkataa kwa nia ya kukwepa kuiheshimu ibada yake, amevunja sheria.